Glasi ya Maji

Muuzaji kijana, jina lake kifuani: Irakli,
kaweka glasi ya maji juu ya godoro la sponji,
akavua viatu, akaruka ubavuni mwake
kama mtoto aliyeachiwa nyumba siku nzima.
Maji hayakutikisika.
"Umeona, mama? Mwenzio akigeuka, hujui.
Akiamka, hujui. Akirudi, hujui.
Unalala kama uko peke yako."

Alilisema hilo kama anayenipa zawadi.

Nikajaribu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na nilikuja na soksi safi kwa ajili hiyo.
Sponji ikanipokea taratibu, bila maswali,
ikameza nyonga, ikameza bega,
ikachukua joto langu, ikanirudishia.
Mgongo, pingili ya nne kwa maneno ya daktari,
ukanyamaza mara ya kwanza tangu mavuno ya zabibu.
Kidogo nilie.
Lari mia tisa na themanini.

La springi walilisimamisha kule karibu na stoo,
bei nusu. Wakalilaza. Nilipoketi likaguna.
Irakli akaona haya kwa niaba yake:
"Litaacha," akasema.

Mama mkwe hayatambui yote mawili.
Lake ni la sufu, alilishona mwenyewe akiwa mchumba;
kila Julai hulifumua, huiosha sufu, huianika uani Kutaisi,
huichapa kwa fimbo mbili nyembamba
mpaka iumuke kama unga wa mkate.
"Godoro usilolichapa," husema, "litakuchapa."
Yeye hakuolewa na mtu wa zamu za usiku.

Nugzar hukwangua theluji barabara ya Rikoti,
Novemba mpaka Machi.
Huondoka nikiosha vyombo,
hurudi saa kumi alfajiri, au kumi na moja,
au, Februari ile ya mwaka juzi, saa nne mchana,
kioo cha mbele kimepasuka,
na hakusema neno, aliomba supu.

Hurudi kimyakimya. Buti huvulia ngazini,
ghorofa ya tatu, taa hawashi,
funguo huzitumbukiza kofiani zisilie.
Anadhani nimelala.
Miaka kumi na tisa namwacha adhani.
Godoro letu kuukuu ndilo mbeya wake:
upande wa ukutani huzama,
upande wangu huinuka kidole kimoja,
springi moja ya miguuni hulia kii.
Hapo ndipo usingizi wangu huanza.

"Lete glasi yako huku," nikamwambia Irakli.
Akasita. Akaruka.
Maji yakamwagika mpaka kwenye soksi zake.
"Nipe hili."
Akanitazama kama ninayenunua kiatu kwa sababu ya tundu lake.

Likaja Jumatano. Vijana wawili, ngazi arobaini na nane,
jirani wa chini akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.
Nugzar akajilaza mchana na koti lake,
akabonyeza huku, akabonyeza kule.
"Lile la sponji hawakuwa nalo?
Si daktari alisema?"
"Limekwisha," nikajibu.
Nilikuwa namenya vitunguu, sikugeuka.

Mgongo umeanza tena.
Nimekunja taulo nikaliweka chini ya kiuno.
Theluji imeanguka tangu saa kumi na moja jioni,
nene, ile isiyo na haraka.
Saa kumi na nusu.
Kumi na moja kasoro robo.
Nimelala upande wangu, macho kwenye ufa wa mlango,
mkono wazi kwenye upande wa ukutani, baridi.
Godoro ni jipya, sijui kama limekwisha jifunza kulia;
au linajua,
ila bado halina la kusema.