Kitenzi cha Herufi Tatu

Ghorofa ya nne, Ngara, juu ya duka la vipuri,
tulipewa kijitabu cha pampu ya maji,
kurasa ishirini na sita, Kiingereza kitupu.
Mimi nikitie kwa Kiswahili, kisomwe Kibra.
Neža akitie kwa Kislovenia, kisomwe na parokia
iliyochanga pesa, kwenye mji uitwao Ptuj,
jina nililolitamka wiki nzima
kama mtu atemaye mbegu ya chungwa.

Ukurasa wa tatu, tukakwama wote wawili.
Kitenzi chenyewe kina herufi tatu tu,
lakini Mwingereza amekitwika mizigo ya hamali.
Mashine inakimbia. Maji yanakimbia.
Waya ukimbizwe ukutani. Jaribio likimbizwe asubuhi.
Na onyo, kwa wino mwekundu:
pampu isikimbie kavu.

Kijana aliyenitangulia kwenye kazi hii
aliandika vivyo hivyo, *isikimbie kavu*,
kama vile pampu ina miguu
na imesahau kujipaka mafuta.

Neža akavua miwani.
Kwao, alisema, mto na mtu wana neno moja, *teči*,
atiririkaye na akimbiaye ni ndugu.
Hata pua yenye mafua hutiririka kwa neno hilo.
Lakini waya, hapana. Waya una kitenzi chake.
Kampuni huongozwa. Maji yakiisha, hiyo ni habari nyingine.
Na juu ya hayo kila kitenzi kina pacha:
mmoja bado yumo kazini,
mwingine ameshamaliza, ananawa mikono.
Yabidi uchague kabla hujafungua kinywa.

Nikamwambia, pole.
Sisi maji hutiririka, mwizi hukimbia,
waya hupitishwa, na mwanasiasa anayetaka kiti
hukigombea. Ugomvi umo ndani ya neno lenyewe,
hatukuuficha.

Nikajiona tajiri, nikaagiza chai.
Ndipo akauliza, taratibu, kalamu mkononi:
“Na hili *piga* lenu?”

Nyuma ya risiti ya chai nikamwandikia:

Twapiga simu na pasi, twapiga hata magoti,
twapiga mbio kwa kasi, twapiga tai na suti,
twapiga chafya upesi, twapiga na penalti,
vyote hivyo twavipiga, na hapana majeruhi.

Alihesabu. Angehitaji vitenzi saba, labda vinane,
na kila kimoja na pacha wake.
Akacheka mpaka karani wa chumba cha pili
akagonga ukuta.
Tangu hapo sikumcheka tena Mwingereza.
Au nilimcheka, ila kwa adabu.

Jioni stima zilipotea.
Chini, jenereta ya duka ikaanza ku—
tukatazamana gizani, kila mtu akitafuta.
Kuwaka, nilisema, ingawa hapakuwa na moto.
Yeye akakaa kimya. Alikuwa bado anachagua pacha.

Niliandika: *Usiwashe pampu ikiwa haina maji.*
Maneno sita, safi, yasiyo na miguu.
Nililala vizuri.

Mwezi wa tano nilipita Kibra, penye tangi la kijani.
Msimamizi, Bi. Kwamboka, alikuwa amebandika ukurasa wangu
kwenye mlango wa bati, na kuukata kwa kalamu ya bluu.
Juu yake, kwa herufi kubwa:
MAJI YAKIISHA NA MASHINE IKILIA KAMA MBUZI, ZIMA. USINGOJE MTU.

Nilisimama pale na mtungi usio wangu mkononi.
Mimi nilikuwa nimekataza kuwasha.
Maji huisha ikiwa tayari imewaka,
na hilo halikunijia kule ghorofani.

Nilipiga picha, nikamtumia Neža.
Alijibu usiku wa manane:
“Mbuzi wa Ptuj hulia vingine.
Lakini naiba.”
Kisha, peke yake, neno alilokuwa amenifundisha,
lile la kwao la ‘sisi’ ya watu wawili tu,
asiongezeke wa tatu: *midva*.

Nimetafuta Kiswahili chake.
Nimefika *sisi wawili*, na bado neno *wawili*
linakaa pembeni, kama mgeni aliyeombwa kuhesabu.