Lafudhi ya Maziwa

Mwezi wa pili nilipanda Kadutu na kichupa mfukoni,
kizibo chekundu, namba kumi na saba kwa kalamu ya wino.
Mama Nankafu akanipimia kijiko kimoja cha mashanza,
akauliza: "Kijiko? Mtu mzima anashiba kijiko?"
Nikamwambia si mimi nitakayekula.
Akacheka, akaongeza cha pili. "Cha hao wageni wako."

Kibuyu chake kilikuwa cheusi ndani kwa moshi.
Kilitoka Walungu mgongoni mwa bibi yake
na hakijawahi kulala kitupu:
jioni unabakiza kidogo chini,
asubuhi unamimina mapya juu yake, basi.
Maziwa yanaingia yanakuta wenyeji.

Maabarani niliwatandaza wenyeji hao kwenye sahani za kioo.
Kuranti ilikatika kila mchana,
nami nikazifunika kwa blanketi na chupa za maji moto
kama anayelea vifaranga vya kuku aliyekufa.
Wakatokea: nukta nyeupe, ndogo kuliko chembe ya ulezi.
Nikachagua kumi na wawili,
nikampanda kila mmoja katikati ya adui,
kijidudu kilichotoka tumboni mwa mtoto aliyelazwa kwa kuhara
(mtoto alipona, namshukuru Mungu, kwa njia nyingine).

Tisa hawakufanya kitu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.
Lakini watatu, kesho yake, walikuwa wamejizungushia ua,
duara safi ambamo adui hakuthubutu kuota.
Nikalipima kwa rula ya shule ya mwanangu:
milimita kumi na nne.
Hawana meno, hawana panga.
Wanakula sukari ya maziwa, wanatema ukali,
na ukali huo ndio ukuta wao.
Sikumpigia mtu simu. Nilikaa tu
nikitazama uwanja ule mdogo uliofagiliwa na nani sijui.

Mwezi wa nne mvua ikashuka na kipindupindu.
Tukagawiwa fulana na vipaza sauti,
nikapanda Kadutu tena nikihubiri javeli:
osheni ndoo, osheni vikombe, osheni mikono.
Nilikuwa sahihi. Bado nasema nilikuwa sahihi.
Mama Nankafu, mtu wa kusikia, akaosha vyote.
Akaosha na kibuyu.

"Maziwa yamekataa," aliniambia siku ya tatu.
Hayakuchachuka, yalioza;
ni mambo mawili, pua inayajua.
Alikikung'uta kibuyu kana kwamba kuna sarafu imekwama ndani.
"Bibi amekufa mara ya pili."
Hakunitazama aliposema hivyo.

Ndipo nikakumbuka namba kumi na saba.
Walikuwa kwenye friji, rafu ya juu, mbali na damu za watu,
watatu wangu, kila mmoja na kichupa chake,
wakilala kwa jenereta na mafuta ya kuchangishana.
Nikawaamsha kwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa,
nikawapandisha kilima nimewakumbatia.

Asubuhi yake maziwa yaliganda, mazito, meupe, yenye adabu.
Akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena.
"Ni wenyewe," alisema, "ila wana lafudhi ya mjini."

Ningejibu nini? Ndani ya kibuyu kile ulikuwamo ukoo mzima,
wenye nguvu na wavivu,
na wale tisa niliowaandikia sifuri nikawamwaga.
Huenda mmoja kazi yake ilikuwa harufu tu.
Huenda mwingine aliwaamsha wenzake alfajiri.
Mimi nilihifadhi askari,
bibi alihifadhi kijiji,
na daftari langu halikuwa na safu ya kuandika hilo.

Jumamosi anakwenda Walungu kwa binamu yake Cibalonza
kuomba kijiko cha chini ya kibuyu.
Nimemwomba nimsindikize.
Amekubali, kwa sharti:
nisije na kichupa.
"Njoo na kikombe," amesema, "na safari hii ukae, ule."