Chaki ya Jumanne

Saa kumi na moja na nusu, Punta Arenas.
Upepo umeamka kabla yetu, kama ilivyo desturi yake,
umeshapokonya kofia ya mtu gatini.
Manowari *Quilaco* imefungwa kamba sita
na bado inazivuta, kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa.

Mtu wa mjini akituona hudhani tunangoja vita.
Tunangoja chai.
Kisha tunakwangua kutu.
Adui ninayemjua kwa sura na kwa ladha mdomoni
ni huyo, kutu. Hana bendera. Hachukui likizo.
Umpake rangi ya kijivu leo,
keshokutwa anachungulia kwenye bawaba, anacheka.

Mimi ni sajini Eduvina Oyarzún,
mwaka wa kumi na tisa chini ya sitaha.
Kazi yangu ni moto usiokuwepo
na maji ambayo hayajaingia.
Napiga king'ora, nabonyeza saa,
natangaza msiba wa uongo:
"Moto chumba cha injini, moshi mweusi, wawili hawaonekani!"
Nao hukimbia, vijana hawa, wakikanyagana ngazini,
mtungi wa hewa mgongoni, glavu kinyume,
mpira wa maji umejiviringa miguuni kama chatu aliyeshiba.
Dakika sita na nusu.
"Mmekufa," nawaambia. "Nyote. Hata mpishi.
Rudieni."

Barría wa Chiloé, kwao viazi na mvua,
aliniuliza kila Jumanne, kipande cha chaki mkononi:
"Sajini, mlango ni uleule. Wiki jana ulifunga."
Paka, nikamwambia.
Akapaka chaki ukingo wa chuma,
akafunga, akakaza vishikizo vinane, akafungua,
tukainama wawili na tochi moja
kusoma mstari mweupe uliojichapa kwenye mpira.
Ukiwa mzima, mlango ni mlango.
Ukikatika, hata kwa unene wa kucha,
ni pazia.

Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Waliosema hivyo walikuwa nchi kavu.
Huku hujengi kitu. Hupati muda.

Usiku mmoja wa Julai, kwenye mkondo usio na taa,
saa tisa na dakika kumi,
bomba la maji ya bahari likapasuka ghala la chini.
Halikutoa mlio mkubwa. Kama mtu kukohoa chumba cha pili.
Nilifika nimevaa soksi moja.
Walikuwa wameshafika:
Millaray Huenchul anahesabu watu kwa sauti,
Barría anakaza kishikizo cha mwisho, mlango ishirini na saba.
Ng'ambo yake maji yalipanda. Tuliyasikia
yakipapasa chuma, yakitafuta ile kucha.
Tulisimama upande wetu,
soksi yangu moja ikiwa kavu.
Mmoja tu aliuliza, "Hili ni zoezi?"
Hakujibiwa.
Saa nilikuwa nimeiacha kitandani;
sitajua kamwe zilikuwa dakika ngapi.

Gazeti halikuandika. Liandike nini? Meli haikuzama.
Kapteni Iturra alijaza mistari minne kitabuni,
wa tatu ukiwa bei ya bomba.

Likizoni, Porvenir, dada yangu alinifumania usiku
nakagua mpira wa mlango wa friji.
Alininyang'anya tochi.

Jumanne ya kwanza ya kurudi nilichelewa makusudi.
Nikamkuta amepiga magoti peke yake, vidole vyeupe,
hakuna aliyemwamuru, anapuliza vumbi la chaki.
"Sajini," alisema bila kugeuka,
"mstari umekatika. Hapa, karibu na bawaba."
Ishirini na saba. Uleule uliotuokoa.
Nilitamani kumkumbatia.
"Kachukue mpira mpya stoo," nikasema.
"Ukimaliza, ishirini na nane."