Urari wa Dirisha Namba Mbili

Wete, Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi.
Nafungua kioo, nagonga muhuri mkavu kwenye wino,
na foleni inajikohoza.

Wa kwanza Bi Mize Faki wa Mtambwe,
kitambulisho kakifunga katika pindo la leso
pamoja na namba ya siri aliyosomewa kwa simu:
nne, sifuri, sifuri, tisa...
Hii sita, bibi, au nane?
Ilikuwa nane. Riyali hamsini. Shaame
anaendesha kijiko bandarini Sohari.
Naandika: Kuingia.

Wa pili fundi cherehani. Pauni themanini.
Dada yake anawaogesha wazee wa watu
katika mji ambao jua lake, asema,
ni kama taa ya friji:
lawaka, halikaushi hata kanga.
Kuingia.

Wa tatu, wa nne, wa tisa:
bati za paa, ada ya chuo, arubaini ya marehemu,
miwani, jenereta la msikiti wa Gando.
Kuingia, kuingia, kuingia.
Nimeongeza wino mara mbili.

Saa sita kaja Vuai, kijana wa takwimu kutoka Unguja,
viatu vimeshika vumbi jekundu la Konde.
Hakuketi.
"Yaliyoingia toa yaliyotoka, dada. Nipe baki tu."

Baki tu!
Miye nilifunzwa kutunga kabla ya kufunzwa kujumlisha.
Najua mshororo una ukwapi na utao,
nane huku, nane kule,
ikipungua moja waungwana hutazamana:
hilo guni.
Nikamfungulia daftari. Soma, yakhe.
Ukwapi umejaa hadi pambizoni.
Utao ni huu hapa, mfupi:
Mutiso, mpishi wa hoteli ya ufukweni kule kaskazini,
hupeleka kwa mamake kila mwisho wa mwezi,
na mwalimu mmoja wa Kigoma.

"Na hoteli yenyewe?" aliuliza.
Faida ya hoteli haipangi foleni.
Haina leso, haina pindo,
haijawahi kuniuliza bei ya riyali leo.
Huondoka usiku kwa kidole kimoja
na asubuhi mimi nafagia mlango uleule.

Alikuwa bado anaandika
alipofika Bi Time Khatib wa Kojani,
akaweka juu ya meza bunda la noti
lililofungwa kwa uzi wa nyavu.
Nikampa fomu ya kupokea. Mazoea.
Akairudisha, taratibu, kwa ncha ya kidole.
"Si kupokea, mwanangu.
Leo miye ndiye ng'ambo."

Asaa wake kule, mkandarasi kakimbia,
mishahara ya miezi mitano kakimbia nayo.
Tiketi ya kurudi ndiyo hii, kwenye uzi:
mikarafuu sita, mazao ya msimu ujao,
kauza yangali juu mtini.

Vuai akainua kalamu.
"Hii niiweke wapi? Msaada wa familia? Deni?"
Bi Time hakumjibu, alikuwa anahesabu.
Nami nikawaza: aliyeondoka na sanduku la plastiki
alikuwa na miaka ishirini na miwili ya uji ndani yake,
na chanjo, na juzuu, na kandambili tisa au kumi,
vikatoka vyote siku moja, alfajiri, kupitia gati la Mkoani,
na hakuna dirisha lililogonga muhuri.

Ada ya kutuma, elfu kumi na moja na mia tano.
Ikabidi ikatwe humo humo.
Asaa atapungukiwa, nikamwambia.
"Atafunga," akasema,
nami sikujua kama ni mkoba au saumu.

Saa kumi nikapiga mstari, nikatoa.
Baki: tumezidi. Vuai kafurahi,
kaniachia kalamu yenye nembo ya ofisi.
Nikafunga kioo, nikanawa mara mbili kwa sabuni ya kipande.
Vidole bado vinanukia karafuu
ambazo hajazichuma mtu.