Penseli Mbili

Nimechapa karatasi za watu wengi, Sewuese,
katika kibanda hiki cha bati kando ya barabara ya Gboko,
jenereta ikikohoa petroli mlangoni:
naira mia ukurasa mweusi, mia tatu wa rangi.
Hati za mahakama, ratiba za mazishi,
kadi za harusi ambayo haikufungwa.
Yako sikuichapa upesi.
Niliisoma kwanza kwenye kioo, nikashuka, nikapanda,
nikipatafuta mahali palipoandikwa:
fika Jumanne, saa moja asubuhi, uje na penseli.
Hapakuwapo.

Mwaka huu chuo kimesema zinatosha.
Mia mbili sabini na nne zako zinatosha,
na cheti chako cha sekondari kinatosha.
Hakuna ukumbi wa pili,
hakuna wa kukuuliza tena ulichokwisha kujibu.

Mimi niliulizwa tena mara tatu.
Ya kwanza, basi lilitufia Aliade,
tukalala chini ya lori la viazi vikuu,
nikafika na matope magotini.
Umechelewa dakika kumi na moja, wakasema.
Dakika kumi na moja! Ninazo hadi leo,
sijui wa kumrudishia.
Ya pili niliwahi siku moja kabla,
kanisa nikalikuta na kufuli, nikalala msikitini,
imamu akanipa chai na mkate, hakuniuliza dini.
Nikapata arobaini na tisa. Walitaka hamsini.
Ya tatu Mama aliuza cherehani.
Maswali yote niliyajua, Sewuese,
sijapata kumwambia mtu:
mkono ndio uliogoma.

Jana Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo,
mweupe hadi kwenye nyusi.
Akasema, bila kuinua uso,
"Unga uliopita chekeche moja huliwa.
Anayeuchekecha tena na tena anatafuta nini?
Wageni wana njaa."
Lakini ami yetu Akpen, aliyekuja kukopa, akacheka:
mlango usio na bawabu, akasema,
nyumba yake haina kitu.
Nikanyamaza, maana ni mkubwa wangu.
Ningemwambia juu ya lile beseni la maji baridi
ulilotumbukiza miguu usiku kucha ili usisinzie,
tochi ya simu ukiibana kwa meno,
mpaka udenda ukailowesha kurasa ya mfumo wa damu.
Bawabu gani mwingine anamtaka?

Nisikufiche, lakini.
Usiku ule nyumba nzima ikipiga vigelegele
niligeukia ukutani.
Haukuwa wivu wa kuunguza, hapana.
Kijiwe tu katika wali,
kile ambacho chekeche halikukiona,
nami ndiye niliyekitafuna.
Nilijiuliza, wangeniacha nipite hivihivi,
mwaka ule, wa matope,
leo ningekuwa wapi?
Kisha ukaingia na sahani yangu,
mnofu wa paja umeuficha chini ya ugali,
ukasema kula kabla Akpen hajaona.

Nilikuwa nimekununulia penseli mbili.
Nimezichonga ncha zote mbili, kwa woga,
nikazifunga kwa mpira pamoja na kifutio
kabla tangazo halijatoka.
Moja ichukue, ukapigie mistari vitabu vyako.
Nyingine nimeipachika sikioni.

Barua nimeitoa kwa rangi.
Wino wa buluu ulikuwa unakwisha,
nembo ya chuo ikatoka zambarau, kama iliyopigwa ngumi.
Usijali. Jina limesomeka.

Sasa ameingia mteja, anataka nakala nne za cheti cha kuzaliwa,
hana chenji, atalipa Ijumaa.
Nafungua daftari la madeni,
na juu ya jina lake, kwa penseli, naandika kwanza:
Sewuese, ukurasa mmoja wa rangi, mia tatu.
Atalipa akiwa daktari wa ng'ombe.