Birika Juu ya Marumaru

Mwaka wa kwanza wa kazi sikujua kuwa jiwe lina ngozi.
Nilidhani kigumu ni kigumu tu.
Nikamimina siki, nikakamulia na ndimu juu yake,
nikaacha vilowe huku nikipiga brashi bawaba za makabati,
nikiimba, Mungu anisamehe, nikiimba.

Jikoni kwa Bi Averil Pascoe, mlimani, mji wa Nelson,
dirisha likitazama bandari
na magogo ya misonobari yakingoja meli.
Nilipofuta, povu liliondoka,
mng'ao ukalifuata.
Likabaki duara, upana wa kisahani cha chai,
limefifia kama jicho la samaki wa juzi.

Nikasugua. Kosa ukilisugua hutanuka.
Nikapaka mafuta ya kula: liling'aa dakika mbili, kisha likanisuta.
Alipoingia alinikuta nimelikalia,
mtu mzima, makalio juu ya kaunta ya watu,
kama kuku juu ya yai viza.

"Shuka, Huia," akasema. "Tunywe chai."
Akalitazama doa. Miwani juu, miwani chini.
Akachukua birika lake la buluu jikoni,
akalitua pale pale, polepole,
kama anayefunika chungu.
"Hapa ndipo linapokaa," akasema.
Miaka yote lilikuwa likikaa kwenye jiko.

Toka siku ile nina adabu.
Maji ya vuguvugu, sabuni tone moja, kitambaa laini.
Futa, suuza, kausha, wala usiondoke kabla ya kukausha;
maji yaliyotuama ni mwizi mwenye subira.
Mbao ifuate nyuzi zake, usiikate njia.
Makabati ya juu ya jiko, mvuke wa mafuta unapopanda na kuganda,
usikwangue: laza kitambaa cha moto, subiri,
uchafu utaachia wenyewe.
Waya wa chuma waachie masufuria.
Na vishikio, jamani! Watu hufuta mlango wakasahau kishikio,
nako ndiko ilikolala mikono ya nyumba nzima.

Miaka kumi na minne, kila Alhamisi.
Nyumba ile niliijua kwa uchafu wake:
binzari, mwaka ule Rhys, mwanawe, alipojifunza kupika kwa ajili ya mtu;
nta ya mshumaa, umeme ulipokatika siku tatu;
halafu sukari ndani ya kabati la glasi,
majani ya chai kwenye kopo la chumvi,
droo ya visu ina soksi moja, safi, imekunjwa vizuri.
Nilijua kabla ya daktari.
Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikanyamaza.

Sasa yuko Richmond, kwenye makao ya wazee.
Rhys kaja kuuza nyumba.
"Ondoa kila kitu kwenye kaunta," akaniambia,
"wanunuzi wanapenda uwazi."
Nikaondoa mkate, redio, chupa za dawa.
Birika nikaliacha la mwisho.
Nilipoliinua, duara lilikuwepo,
dogo kuliko aibu yangu.

Rhys akamwita fundi, Joop, Mholanzi mwenye magoti mabovu.
Akaja na mashine, unga mweupe, maji kidogo.
Nikasimama mlangoni na ndoo yangu.
Dakika ishirini. Akalipuliza jiwe, akalifuta kwa mkono wa shati.
Hapakuwa na kitu.
"Ni kazi ndogo hii," akasema. "Mngeniita zamani."

Zamani.
Namba yake ya simu ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la sinki,
mwandiko wa Bi Averil, wino umepauka.
Nimeufuta mlango ule mara mia saba,
nikikizunguka kikaratasi kile, nisikiloweshe.

Birika nililiomba, nikapewa.
Kaunta ya kwangu ni plastiki iliyobandikwa juu ya mbao za unga,
haina doa la kuficha.
Nimeliweka juu yake hata hivyo, mbali na jiko.
Alhamisi naliinua, nafuta chini yake,
nakausha,
nalirudisha.