Kilo Kumi na Nne

Kimekuja leo asubuhi kwa baiskeli ya Ndahani,
kimefungwa kwa mpira, kimelazwa
kama mgonjwa anayewahishwa zahanati.
Pingili moja ya mnyororo wa trekta.
Nimekitua kwenye mizani: kilo kumi na nne.
Mizani yangu haijawahi kukiuliza kitu kimetoka wapi.

Lakini mimi chuma hiki nakijua.
Kilining'inia kwenye mgunga, nje ya kanisa letu.
Kikigongwa mara tatu, ni ibada.
Kikigongwa mara moja, kimya,
mara moja tena, kimya,
kuna mtu ametutoka.
Na kikigongwa ovyo, bila hesabu,
ni nzige, au moto, au ng'ombe wameswagwa usiku
na kila mwenye mkuki atoke.
Nondo ileile, mkono uleule.
Maana haikuwa ndani ya chuma.
Ilikuwa kwenye vile vipande vya kimya katikati,
na masikio yetu yalijua kuvihesabu.

Na kabla ya kanisa?
Bibi yangu Malogo alisimulia kwamba Kongwa ilinguruma
radi isiyo na mvua.
Wazungu walikuwa wametoka vitani na njaa ya mafuta ya kula,
wakavivua vifaru mizinga yake,
wakavivika majembe,
wakavileta huku tulime karanga hadi upeo wa macho.
Udongo wa Kongwa ukikauka huwa saruji.
Uling'oa majembe meno.
Bibi alikuwa akicheka palepale kila mara:
"Vita walishinda. Wakashindwa na karanga!"

Basi labda pingili hii, kabla haijamwita mtu kuungama,
ilipita juu ya mtu.
Labda. Sina ushahidi.
Kutu ni ileile kwa aliyeua na aliyelima.

Bibi huyo alipeleka mbegu zake za uwele zikafanyiwe dawa ya mvua,
na Jumapili akawa wa kwanza kuitika chuma.
Nikamuuliza, kijana niliyetoka kusoma, najiona:
Unaamini lipi hasa?
Akaendelea kukoroga mlenda.
"Mwenye kiu haulizi kata imechongwa na nani."
Nilidhani amenikwepa.
Siku hizi sina uhakika ni nani alikuwa anakwepa.

Kanisa sasa lina spika nne.
Ndahani ameuziwa chuma na kamati, kwa risiti.
Wakati natafuta chenji ananionyesha simu:
ndege ndogo isiyo na rubani, juu ya shamba la watu wa mbali,
na chini mtu anakimbia,
anakimbia kwa kupinda kama sungura,
kisha vumbi.
Wameiwekea muziki.
Mioyo myekundu elfu arobaini chini yake.
"Mjomba, hapa upande wetu ni upi?"
Anauliza kama anayeuliza matokeo ya mpira.
Nimesema sijui, nikahesabu tena hela niliyokwisha kuihesabu.

Elfu tisa na mia nane.
Alhamisi lori litapita, tanuru litakiyeyusha,
kitarudi Dodoma kikiwa nondo,
kisimamishwe ndani ya nguzo ya ofisi mpya kule Mtumba,
na mtu mwenye tai atakiegemea
akisubiri kikao kuhusu amani.
Hatasikia kitu.
Daftari langu lina safu ya uzito, safu ya bei, safu ya aina.
Kwenye aina nimeandika: kizito.

Ndahani anapanda baiskeli, na kwa mchezo tu,
mkono wa kijana usiopenda kukaa bure,
anakigonga kwa spana.
Mara moja.
Sauti imevuka barabara na vumbi lake,
ikamkuta Mama Chilewa anapeta uwele.
Ungo umesimama hewani.
Ameshika kifua, ametazama huku,
amesubiri kile kimya kipite,
kisha akauliza:
"Nani?"